Jasho na Urembo: Historia Fupi ya Kutunza Ngozi Katika Joto na Unyevu, Toka Pwani Hadi Mabanga

1. Utangulizi

Waandishi wanaoshughulikia urembo wa Mwafrika aghalabu hulitazama jambo hili kwa upande wa mila au kwa upande wa maadili. Wengine huorodhesha mapambo ya kabila hili na lile. Wengine huuliza kama mwanamke wa kisasa anayejipaka rangi ya mdomo amewasaliti mababu zake. Maswali hayo yana nafasi yake. Lakini liko swali jingine ambalo halijapewa uzito unaostahili, nalo ni swali la hewa. Kila kitu apakwacho mtu mwilini hukutana kwanza na joto, unyevu, upepo na jua la mahali alipo. Mafuta yanayofaa mahali pakavu na pa baridi huweza kuwa udhia mahali penye fukuto, na poda inayokaa vizuri usoni mwa mtu wa London huweza kuharibika kabla mwanamke wa Mombasa hajafika mlangoni.

Makala hii inakusudia kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba watu wa pwani ya Afrika Mashariki, kwa muda wa karne nyingi, waliunda utaratibu wa kujipamba uliolingana na jasho, na kwamba ujuzi huo umehifadhiwa katika vitenzi vya lugha ya Kiswahili. La pili ni kwamba bidhaa za viwandani zilipoingia katika karne ya 20 zilikuja na majina yao lakini hazikuja na vitenzi vyao, na upungufu huo umewagharimu watu afya. Tutaanza na hali ya hewa, kisha tutazame pwani, halafu tupande bara hadi Mabanga, katika nchi ya Bungoma, mahali panapotusaidia kuupima ujuzi wa pwani kwa kuwa pana joto na mvua lakini hapana bahari.

2. Hewa za mahali patatu

Mombasa iko usawa wa bahari. Katika miezi ya kaskazi, hasa kati ya Januari na Machi, joto la mchana hupanda hadi nyuzi 32 au 33 za Selsiasi, na usiku hupungua kidogo tu. Hewa imejaa mvuke. Jasho linalotoka halikauki upesi, nalo ni kukauka kwa jasho ndiko kunakoupoza mwili. Likikaa juu ya ngozi na vitundu vyake vikaziba, hutokea vipele vidogo vinavyowasha, ambavyo Waswahili huviita harara. Tunaona hapa kwamba lugha imeliweka joto na maradhi yake katika neno moja, maana harara ni joto, na harara ni vipele vya joto. Kadhalika neno hari katika lahaja za kaskazini lina maana ya joto na pia maana ya jasho lenyewe.

Kitale, kwa upande mwingine, iko kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 1,900. Usiku na alfajiri kuna baridi, na katika miezi ya kiangazi ngozi hupauka na midomo hupasuka. Lakini baridi hiyo hudanganya. Kitale iko digrii moja tu kaskazini mwa ikweta, na kadiri mtu apandavyo mlima ndivyo hewa inayochuja mionzi ya jua inavyopungua. Jua la huko huunguza kuliko hewa yake inavyoonyesha.

Mabanga iko kati ya hali hizo mbili. Nchi ya Bungoma iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, hupata mvua nyingi, na mchana wake una joto la kumtoa mtu jasho. Watu wa Mabanga na watu wa Kitale hukutana masokoni siku zote, na hununua makopo yale yale katika maduka yale yale. Hata hivyo ngozi zao hazina haja moja. Mafuta mazito yanayomsaidia mtu wa Kitale asubuhi ya Julai humchosha mtu wa Mabanga alasiri ya Februari.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jambo hili. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 24 au 25. Kwa hiyo Mombasa huwa maji karibu mwaka mzima, ila katika asubuhi chache za kipupwe ndipo huanza kuganda. Chupa hiyo hiyo ikipelekwa Kitale, kila asubuhi hukutwa imeganda kama shahamu. Mafuta hayakubadilika, ni nchi iliyobadilika.

3. Pwani: vitenzi vinne vya urembo

Biashara ya manukato katika pwani hii ni ya kale. Al-Masudi, aliyesafiri katika bahari ya Zanji mwanzoni mwa karne ya 10, aliisifu ambari iliyopatikana katika fukwe zake. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipokewa kwa tambuu, na akarashiwa maji ya waridi yaliyotoka Dameski. Machimbo yaliyofanywa Kilwa na Neville Chittick, na kuchapishwa mwaka 1974, yalitoa miongoni mwa vitu vya shaba vijiti vya kutilia wanja. Ushahidi huu watuonyesha kwamba vifaa vingi vilitoka ng'ambo. Majina yenyewe yasema hivyo: udi, ambari, hina na marashi ni maneno yenye asili ya Kiarabu.

Tukiangalia vitenzi, hata hivyo, tunakuta hali nyingine. Kupaka, kusinga, kufukiza na kutia ni vitenzi vya Kibantu kwa umbo na kwa tabia. Vifaa vililetwa na jahazi, lakini jinsi ya kuvitumia iliamuliwa hapa hapa, na watu waliojua hewa yao. Yafaa tuvichunguze vitenzi hivyo kimoja kimoja.

Tuanze na kupaka. Mfano wake bora kwa madhumuni yetu ni liwa, mti wa harufu nzuri ulioletwa zaidi kutoka Bukini. Kipande cha liwa husuguliwa juu ya jiwe kwa maji kidogo mpaka upatikane uji mzito, nao hupakwa usoni na shingoni. Maji yanapokauka ngozi hupoa. Unga unaobaki hunyonya jasho na mafuta, hutuliza harara, na tena huwa kama kivuli chembamba kati ya ngozi na jua. Desturi hii haikomei kwa Waswahili. Wanawake wa Ngazija hupaka msindzano, wale wa Bukini ya kaskazini-magharibi hupaka masonjoany, na Wamakua wa pwani ya Msumbiji hupaka mussiro. Mbali kabisa, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, wanawake wa Burma hupaka thanaka. Miti ni tofauti na lugha ni tofauti, lakini pote pana joto lenye unyevu, na pote ufumbuzi ni ule ule: mti, jiwe na maji. Jambo la kuangaliwa ni kwamba katika uji huu hamna mafuta.

Kitenzi cha pili ni kusinga. Kusinga ni kuusugua mwili kwa mchanganyiko wa manukato, hasa mwili wa bibi arusi, mpaka takataka na ngozi iliyokufa itoke. Huko Unguja mchanganyiko huo huitwa singo, na huwa na maua yaliyokaushwa, maji ya waridi na viungo vingine kadiri ya ujuzi wa somo anayemwandaa mwari. Dalia, unga wa manjano wenye harufu, ulitumika pia katika kazi za namna hii. Tofauti ya kupaka na kusinga ni kubwa: apakaye huongeza kitu juu ya ngozi, asingaye huondoa. Katika nchi ambayo jasho na vumbi huziba vitundu vya ngozi kila siku, kuondoa ni nusu ya urembo.

Kitenzi cha tatu ni kufukiza. Chetezo huwekwa makaa, vipande vya udi huwekwa juu yake, na moshi huingizwa katika nguo, katika nywele na katika matandiko. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, ameeleza jinsi nguo na vitanda vya jumba la baba yake vilivyofukizwa na kutiwa asmini. Hapa napo pana hekima ya hewa. Manukato yakipakwa juu ya ngozi inayotoka jasho huoshwa na kugeuka harufu upesi. Yakiingizwa katika nguo hukaa, na unyevu wa hewa huyaamsha badala ya kuyafuta. Kikuba nacho, yaani kishada cha asmini, mkadi na rehani kivaliwacho kifuani au nyweleni, hutoa harufu yake bila kugusa vitundu vya ngozi. Si ajabu kwamba msemo wa kufanya jambo kwa udi na uvumba umekuwa na maana ya kulifanya kwa kila njia, maana kufukiza kulikuwa kazi ya subira na ya gharama.

Kitenzi cha nne ni kutia. Mtu hutia wanja na hutia hina. Twaweza kusema kupaka hina pia, na watu husema hivyo, lakini kutia kunalifikia jambo lenyewe, kwani rangi ya hina huingia ndani. Majani yakishasagwa na kulowekwa, rangi yake hushikana na tabaka la juu la ngozi na la kucha. Uji ukibanduliwa, rangi hubaki. Jasho haliwezi kuiondoa. Itatoka yenyewe baada ya wiki mbili au tatu, kadiri ngozi inavyojibadilisha. Katika mapambo yote yajulikanayo pwani, hili ndilo lisilolihofu jasho hata kidogo.

Haimaanishi kwamba kila kilichokuwa cha zamani kilikuwa salama. Wanja wa manga mara nyingi ulikuwa na madini ya risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto wachanga ambao hupakwa machoni. Wanja wa masizi haukuwa na hatari hiyo. Piko ya kisasa, iliyo dawa ya viwandani ya kutia nywele weusi, imewababua wengi walioitumia kuchorea ngozi badala ya hina. Twazungumza habari za ujuzi uliojengwa kwa kujaribu na kukosea, na ujuzi wa namna hiyo huona kwa urahisi madhara yanayotokea leo, lakini huchelewa kuyaona yale yanayojificha mwilini miaka mingi.

4. Bara: samli na udongo

Safari ya kwenda Mabanga ilipita Mumias. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipiga kambi katika mji wa Nabongo Mumia, na baadhi yao wakaoa na kukaa. Pamoja na nguo na shanga walileta Uislamu, na lugha yao, na desturi za arusi. Mumias hadi Mabanga si mbali. Hata hivyo wenyeji wa nchi hiyo, Wabukusu na majirani zao Wateso na Wasabaoti, walikuwa na ujuzi wao wenyewe wa ngozi, uliotokana na hewa nyingine na uchumi mwingine.

Kwa wafugaji msingi ulikuwa mafuta ya ng'ombe. Mwili usio na nguo, unaopigwa na upepo wa Mlima Elgon asubuhi na jua mchana, wahitaji kufunikwa ili usikauke. Samli ilifanya kazi hiyo. Haikuwapo haja ya uji wa mti na maji, maana ngozi ilikuwa na upungufu wa mafuta kuliko wa hewa. Mambo haya mawili, liwa ya Lamu na samli ya Elgon, yaonekana kupingana; kwa kweli yanafuata kanuni moja, ya kumpa mtu kile ambacho hewa inamnyima.

Lakini bara nako kulijua matumizi ya kitu kinachopoza. Mfano ulio wazi ni tohara ya Wabukusu, inayofanywa katika miaka ya shufwa, hasa mwezi wa Agosti. Alfajiri ya siku yenyewe mtahiriwa hupelekwa mtoni, mahali paitwapo sitosi, akapakwa udongo wa baridi mwili mzima, kisha akarudishwa nyumbani kwa nyimbo. Udongo ule una maana nyingi za mila ambazo hatuwezi kuzieleza zote hapa. Pamoja na hizo, hueleweka kwamba baridi ya udongo na ya alfajiri huufisha mwili ganzi na kumsaidia kijana asimame imara bila kutikisika. Maji yaliyomo katika udongo uliopakwa hukauka na kuchukua joto la mwili. Ni kanuni ile ile ya liwa, ila hapa imetumiwa kwa ajili ya ujasiri.

Utaratibu wa samli uliharibika kwa sababu iliyo rahisi kuliko watu wanavyodhani. Wamisionari, wakiwamo wale wa Friends waliofungua kituo cha Kaimosi mwaka 1902, walihubiri sabuni na nguo pamoja na Injili. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na katika miaka hiyo hiyo njia kuu ya kwenda Uganda ikapita Bungoma; maduka ya Wahindi yakafuata. Mtu aliyevaa shati jeupe hakuweza tena kujipaka samli, kwani ingeichafua nguo na kuipa harufu. Akaoga kwa sabuni, na sabuni ikaondoa hata mafuta ya asili ya ngozi yake. Ngozi ikapauka. Hapo ndipo kopo la mafuta ya kununua lilipopata soko. Sabuni iliumba haja ya mafuta, na duka lile lile liliuza vyote viwili.

5. Kopo, poda na theluji

Bidhaa zilizokuja zilikuwa zimebuniwa kwa ajili ya nchi nyingine. Vaseline ilipewa hataza huko Marekani mwaka 1872 na Robert Chesebrough, aliyeitoa katika masazo ya mafuta ya petroli. Ni kinga nzuri ya ngozi kavu, kwa kuwa haipitishi maji. Kwa sababu hiyo hiyo, ikipakwa mwilini mahali penye fukuto huzuia jasho na kuzidisha harara. Hazeline Snow, krimu ya usoni ya kampuni ya Burroughs Wellcome, iliuzwa tangu mwisho wa karne ya 19 na kuenea India na katika makoloni mengine ya Uingereza. Ilitoweka juu ya ngozi bila kung'aa, na kwa hiyo ilifaa nchi za joto kuliko mafuta mazito. Lakini jina lake lilikuwa theluji, na matangazo ya bidhaa za aina hiyo yalishikamanisha ubaridi, usafi na weupe kana kwamba ni kitu kimoja. Hapa mbegu ya matatizo ya baadaye ilikuwa imekwisha kupandwa.

Poda ilikuwa na matatizo yake. Unga mkavu hunyonya jasho kidogo, na mtoto aliyenyunyiziwa baada ya kuogeshwa hupata nafuu. Usoni mwa mtu mzima anayetembea juani mambo ni mengine. Jasho likizidi, unga hukusanyika katika mikunjo na kuacha michirizi. Zaidi ya hayo, poda za wakati huo zilitengenezwa kwa rangi ya ngozi za Wazungu. Okot p'Bitek, katika utenzi wake wa Song of Lawino uliochapishwa Nairobi mwaka 1966, amemfanya Lawino amcheke mke mwenzake wa kisasa kwa jambo hili hili: jasho linapoanza kutoka katika poda yake anaonekana kama kanga, yule ndege mwenye madoadoa. Wengi wamelisoma dhihaka hilo kama vita kati ya ukale na usasa. Sisi twaona kwamba lina pia ushahidi wa hewa. Poda iliyotengenezwa bila kulifikiria jasho imekutana na jasho la Acholi, na jasho limeshinda.

Waswahili walikuwa wamelisema jambo hili zamani katika methali: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Mkakasi ni kijaluba kilichopakwa rangi. Kikilowa, rangi hutoka na mti huonekana. Aliyetunga methali hiyo alikuwa akizungumzia tabia za watu, lakini mfano wake aliutoa katika nchi ambayo kila kilichopakwa juu tu hujaribiwa na maji.

Ni muhimu kuangalia lugha ilivyozipokea bidhaa hizi. Krimu, poda na losheni ziliingia kama nomino. Hazikuleta kitenzi chochote, na zote zikawekwa chini ya kupaka. Mtu hupaka krimu ya kulainisha, hupaka krimu ya kuzuia jua, hupaka krimu ya dawa, hupaka krimu ya kubadili rangi. Ile hesabu ya zamani iliyotenganisha kuongeza na kuondoa, kuweka juu na kuingiza ndani, ikapotea machoni pa mnunuzi. Kopo halikumwambia kama kilichomo kitabaki juu ya ngozi au kitaingia katika damu.

6. Kung'arisha na kujichubua

Gharama ya upungufu huo ilionekana wazi Nairobi. Mwaka 1972 kundi la madaktari lilichapisha katika British Medical Journal uchunguzi wa wagonjwa 60 Waafrika wenye maradhi ya figo yanayouvimbisha mwili. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zebaki huzuia ngozi isitengeneze melanini, yaani ile rangi inayoikinga na jua; lakini haikai juu ya ngozi. Hupita ndani na kufikia figo. Krimu ambayo mnunuzi aliidhani kuwa ya kupaka ilikuwa kwa kweli ya kutia.

Hidrokwinoni, iliyochukua nafasi ya zebaki katika bidhaa nyingi, ilileta madhara ya namna nyingine. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini walieleza jinsi matumizi yake ya muda mrefu yalivyoleta mabaka meusi yasiyotoka katika nyuso za wanawake. Maradhi hayo huitwa okronosisi, jina lililotokana na neno la Kigiriki la rangi ya ngeu. Ngeu ambayo mababu waliipaka juu ya mwili na kuiosha wapendapo, sasa jina lake limepewa doa lililo ndani ya ngozi. Na hapa tena jua lina sehemu yake. Dawa hupunguza melanini, jua huiamsha tena, mtumiaji huongeza dawa, na madhara huzidi. Bidhaa hiyo ni mbaya popote, lakini katika nchi iliyo juu ya ikweta, na hasa katika miinuko kama ya Kitale, ni mbaya zaidi.

Serikali na vyama havikukaa kimya. Mwezi wa Oktoba mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kampeni dhidi ya sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na krimu za kujibadili rangi, ianze mwanzoni mwa mwaka 1969. Kampeni hiyo iliziweka krimu kundi moja na sketi, yaani ililifanya jambo la figo kuwa jambo la adabu. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni mwaka 1998. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje vipodozi vyenye zebaki zaidi ya kiasi kidogo sana kilichowekwa. Pamoja na sheria hizo bidhaa zimeendelea kupita mipakani na kuuzwa, na mchanganyiko wa kienyeji wa krimu na kemikali una jina lake la mitaani: mkorogo.

Hapo ndipo lugha ya watu ilipojitetea. Matangazo yalisema kung'arisha, kusafisha, kulainisha. Watu wenyewe, mitaani na masokoni, walisema kujichubua. Kuchubua ni kuambua gamba au ngozi ya juu, kama mti uliokwaruzwa au goti lililoanguka juu ya jiwe. Hakuna mtaalamu aliyelibuni neno hilo katika kamati. Wasemaji walitazama uso, wakaona kilichotokea, wakachagua kitenzi cha Kiswahili kinachosema kweli. Baada ya miaka mingi ya nomino zisizo na vitenzi, hiki kilikuwa kitenzi cha kwanza kipya cha urembo, nacho kilikuja kama onyo.

Lakini onyo hilo limeacha pengo upande wa pili. Krimu ya kuzuia jua, ambayo kwa watu wenye ualbino ni kinga ya uhai dhidi ya saratani ya ngozi, bado yaitwa krimu tu, nayo hupakwa tu. Mzazi aliyesikia kwamba krimu huchubua aweza kuikataa ile ambayo mtoto wake anaihitaji kila siku. Kukosekana kwa neno moja kwaweza kumfanya mtu aache dawa, kama vile kukosekana kwa jingine kulivyomfanya anunue sumu.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba pwani ya Waswahili ilikuwa na njia nne za kuishi na jasho: kupaka uji usio na mafuta, kusinga ili kuondoa, kufukiza nguo badala ya kulowesha ngozi kwa manukato, na kutia rangi isiyoweza kuoshwa. Tumeona pia kwamba bara, kutoka Elgon hadi Mabanga, ilikuwa na samli kwa ukavu na udongo kwa baridi, na kwamba tofauti hiyo ilitokana na hewa, si na kiwango cha ustaarabu. Bidhaa za viwandani zilizipita hesabu zote mbili, kwa kuwa ziliuzwa kwa namna moja Mombasa, Mabanga na Kitale.

Hatudai kwamba watu warudie liwa na samli. Wako wanawake wa Bungoma wanaofanya kazi ofisini, na wako wanaolima mahindi na miwa juani. Wote wana haki ya bidhaa nzuri za wakati wao. Madai yetu ni madogo zaidi, nayo yanawahusu wenzetu wa lugha. Waandishi wa kamusi, walimu, na wale wanaotafsiri maandishi ya makopo na ya mabango ya afya wana kazi mbele yao. Kamusi nyingi zinaeleza kusinga na dalia kama mambo ya kale ya arusi, bila kueleza kazi yake kwa ngozi. Maandishi ya makopo hutafsiriwa nomino kwa nomino, na kitenzi kupaka hubebeshwa kila mzigo. Lau kopo la kuzuia jua lingesema kukinga, kopo la kulainisha likasema kulainisha, na kilichoingia katika damu kikasemwa kwamba chaingia, mnunuzi wa Mabanga angeuliza swali lile ambalo bibi wa pwani alijua kuliuliza: kitu hiki kinakaa juu, kinaondoa, au kinaingia ndani? Na jasho likija, kitakwenda wapi?